"Hakuna Nafsi" au "Si Nafsi"? Tulivyolisoma Vibaya Fundisho la Buddha

Semina ilikuwa ya Falsafa ya Elimu, mwaka wa pili, saa nane mchana, ile saa ya Dodoma ambayo upepo unaingiza vumbi hadi katikati ya kurasa za daftari. Mada: dhana ya nafsi katika mapokeo mbalimbali ya fikra. Kundi la kwanza lilimchukua Plato, la pili likamchukua Mbiti, wengine wakagawana Ukristo na Uislamu. Sisi tuliochelewa kuchagua tukaangukiwa na Ubuddha.

Tulifanya kama tunavyofanya siku zote. Usiku wa kuamkia semina tukatafuta desa, tukaunganisha vipande vya huku na kule, tukapata slaidi kumi na moja. Slaidi ya nne ilikuwa na herufi kubwa: BUDDHA ALIFUNDISHA KUWA HAKUNA NAFSI. KWA HIYO WEWE HUPO. Aliyesimama mbele kuisoma ni mimi.

Darasa lilicheka. Jamaa wa nyuma akasema kwa sauti, "Sasa kama mimi sipo, Bodi ya Mikopo imemkopesha nani?" Kicheko kikaongezeka. Halafu dada mmoja wa safu ya tatu akanyosha mkono. Wote tulijua alikuwa ametoka Kongwa wiki ile ile, alikokwenda kumzika mama yake. Hakuwa anacheka.

"Kwa hiyo niliyemzika ni nani?"

Sikuwa na jibu. Niliangalia slaidi kama vile ingenisaidia. Mwisho tukahamia slaidi ya tano, tukamaliza, na alama tukapata nzuri tu. Ni hilo hasa lililonikera baadaye: kwamba mtu unaweza kupata alama nzuri kwa jambo ambalo hujalielewa hata kidogo, na ukamuumiza mwenzako njiani.

Naandika sasa kwa sababu mada ile inarudi kila mwaka, na desa letu nimeliona likizunguka kwenye magrupu ya WhatsApp ya mwaka wa kwanza na wa pili. Ndugu yangu uliyenalo, lifute. Ngoja nikueleze ulisome nini badala yake, na kwa nini.

Tuanze na neno lenyewe. Kwa Kipali, lugha ya maandiko ya kale ya Wabuddha wa Theravada, fundisho hili linaitwa *anatta*. *Atta* ni nafsi (ndilo neno lile lile ambalo kwa Kisanskriti ni *atman*), na *an-* ni kikanushi. Madesa mengi yanaishia hapo: kikanushi pamoja na nafsi, basi hakuna nafsi, tuendelee.

Sasa sisi tunaosoma Kiswahili kama somo la kufundishia tuna bahati ambayo hatukuitumia. Kiswahili hakikanushi kwa namna moja. Ukisema "hakuna mwalimu", umekana kuwepo kwa mwalimu: umeingia darasani, meza tupu. Ukisema "huyu si mwalimu", hujasema lolote kuhusu kuwepo au kutokuwepo kwa mwalimu. Umesema tu kwamba huyu unayemnyooshea kidole, siye. Mwanafunzi wa darasa la tatu anajua tofauti hiyo. Na katika matini za kale, *anatta* kwa sehemu kubwa inatumika kwa namna ya pili. Inasemwa juu ya kitu: mwili si nafsi, hisia si nafsi. Kwa hiyo swali la kumuuliza kila mwandishi unayemsoma ni hili: anakupa "hakuna" au anakupa "si"? Na kama anakupa "hakuna", amekuonyesha njia aliyopita kutoka "si" kufika huko? Sisi tuliruka bila kuona hata kama kuna mto.

Maandiko ya kuanzia ni hotuba fupi iitwayo *Anattalakkhana Sutta*. Katika mapokeo inahesabiwa kuwa hotuba ya pili ya Buddha, aliyoitoa kwa watawa watano katika bustani ya paa huko Isipatana, karibu na Varanasi, India. Utaipata katika mkusanyiko wa *Samyutta Nikaya*, namba 22.59. Namba hizi zishike, kwa sababu ndizo zinazokuwezesha kuipata hotuba ile ile katika tafsiri yoyote. Kwa Kiingereza ipo tafsiri ya Bhikkhu Bodhi, mtawa Mmarekani, na ipo ya Bhikkhu Sujato, mtawa wa Australia, ambaye tafsiri zake zinapatikana bure mtandaoni na hazili bando. Ni kurasa chache. Nilimaliza kuisoma nikiwa kwenye foleni ya chakula, nikaona aibu: usiku mzima tulihangaika kutafuta muhtasari wa kitu ambacho chenyewe ni kifupi kuliko muhtasari wetu.

Hotuba inapita katika mafungu matano, kwa Kipali *khandha*, ambayo ndiyo mambo yote mtu anayoweza kuyanyooshea kidole na kusema "huyu ni mimi". Kuna umbo, yaani mwili. Kuna hisia, kwa maana ya utamu, uchungu, au hali isiyo tamu wala chungu. Kuna utambuzi, ule uwezo wa kukiona kitu ukakijua ni nini. Kuna misukumo ya nia. Na kuna fahamu yenyewe. Ukitaka kuyaona yote kwa mara moja, subiri siku matokeo yanapotoka. Mkono unaoshika simu unatetemeka: umbo. Tumbo linakaza kwa uchungu: hisia. Macho yanaona maandishi na unajua hii ni sapu: utambuzi. Unataka kuzima simu na kumwambia mama mtandao unasumbua: msukumo. Na yote hayo unayafahamu yanapotokea. Watu wengi huanza kusema "mimi ni wa kufeli" hapo hapo, wakati kilichotokea ni mambo matano yaliyopita kwa sekunde ishirini.

Sasa hoja. Ya kwanza, kama mwili ungekuwa nafsi, usingekuletea mateso, na ungeweza kuuamuru uwe hivi usiwe vile. Lakini hauamriki. Nani kati yetu amewahi kuiambia malaria isubiri mtihani uishe? Hisia nazo haziamriki, wala mawazo. Jaribu kujiamuru usiku usiwaze. Hoja ya pili inakuja kwa maswali na majibu: kitu hiki ni cha kudumu au kinapita? Kinapita. Kinachopita kinaridhisha au kinaumiza? Kinaumiza. Basi kitu kinachopita na kuumiza, je, inafaa kukitazama na kusema hiki ni changu, hiki ni mimi, hiki ni nafsi yangu? Watawa wanajibu hapana. Hotuba nzima ni hivyo, mara tano, fungu moja baada ya jingine.

Angalia maneno yanayokataliwa: *changu*, *mimi*, *nafsi yangu*. Ni maneno ya umiliki. Hapa tena Kiswahili kinatusaidia kuliko Kiingereza. Sisi tukitaka kusisitiza nafsi tunasema "mimi mwenyewe". Na ukienda Ng'ong'ona kwenye geti la nyumba ya kupanga, unabisha hodi na kuuliza nini? "Mwenyewe yupo?" Neno lile lile. Mwenyewe ni nafsi, na mwenyewe ni mwenye mali. Buddha anagonga mlango wa kila fungu na kuuliza kama mwenyewe yupo, na kila mlango anafungua mpangaji.

Ili uelewe kwa nini anauliza hivyo, inabidi ujue alikuwa anaongea na nani. India ya nyakati zile ilikuwa na walimu waliofundisha kwamba ndani ya mtu mna *atman*, kiini kisichobadilika, kisichoteseka, kinachotawala kutoka ndani. Wasikilizaji wake walikuwa watu waliokuwa wakikitafuta kitu hicho kwa kufunga na kujitesa. Nafsi inayokanwa ni hiyo: ya kudumu, yenye amri. Si nafsi ya yule dada wa safu ya tatu kama anavyoisema anapolia msibani. Kitabu chochote kinachokupa fundisho hili bila kukuambia lilikuwa linajibu swali gani, kiweke pembeni hata kama jalada ni zuri. Na jalada huwa ni zuri: kuna aina ya vitabu na video za kuhamasisha ambazo zinachukua *anatta* na kuigeuza dawa ya kujiamini, eti kwa kuwa hakuna nafsi basi hakuna cha kuogopa, kafungue biashara. Sina la kusema zaidi kuhusu hizo.

Hotuba iliyonishtua ni nyingine. Ni fupi zaidi, *Samyutta Nikaya* 44.10. Mtu mmoja aitwaye Vacchagotta, mtangatanga mpenda maswali, anamwendea Buddha na kumuuliza moja kwa moja: je, nafsi ipo? Buddha ananyamaza. Basi, je, nafsi haipo? Buddha ananyamaza tena. Vacchagotta anainuka na kuondoka.

Yaani swali la slaidi yetu ya nne, lilelile, liliulizwa kwa mdomo mbele ya mwenye fundisho, na hakulijibu. Mwanafunzi wake Ananda anataka kujua kwa nini. Buddha anaeleza kwamba kama angesema nafsi ipo, angekuwa amejiunga na wale wanaoamini kiini cha milele. Kama angesema haipo, angekuwa amejiunga na wale wanaofundisha kwamba mtu akifa amefutika, basi. Halafu anaongeza jambo ambalo nililisoma mara tatu: Vacchagotta alikuwa tayari amechanganyikiwa, na jibu la "haipo" lingemzidishia, angebaki akifikiri kwamba nafsi aliyokuwa nayo zamani sasa ameipoteza.

Nilifunga simu. Buddha alipima aliyekuwa mbele yake, akaona neno lile litamwangukia vipi, akanyamaza. Mimi nilikuwa na slaidi kumi na moja na dakika kumi na tano.

Baada ya hapo ndipo vitabu vya ufafanuzi vinakuwa na maana, maana utakuwa na kitu cha kuvipimia. Kinachotajwa mara nyingi ni *What the Buddha Taught* cha Walpola Rahula, mtawa na msomi wa Sri Lanka, kilichotoka mwaka 1959. Ni kitabu chembamba, Kiingereza chake hakina mbwembwe, na sura ya sita yote ni ya *anatta*. Mwishoni kina tafsiri za baadhi ya hotuba, kwa hiyo unaweza kumkagua mwandishi papo hapo. Rahula ni mtu wa "hakuna", na hapepesi macho. Hoja yake nzuri inatoka katika *Dhammapada*, mahali panaposemwa kwamba vitu vyote vilivyoungwa havidumu, na vyote vilivyoungwa vinaumiza, lakini inapofika kwenye *anatta* neno linabadilika, linakuwa pana zaidi, vitu vyote kabisa. Kwa Rahula mabadiliko hayo ya neno yana maana: hakuna kilichoachwa nje ambako nafsi ingeweza kujificha. Kisa cha Vacchagotta hakikwepi. Anakieleza kwamba Buddha alinyamaza kwa kumwonea huruma muulizaji na kiwango chake cha kuelewa.

Upande wa pili soma Thanissaro Bhikkhu, Mmarekani aliyefundwa utawa nchini Thailand. Yeye anashikilia "si". Kwake *anatta* ni mbinu ya kazi: unaitumia kuachilia kitu kimoja kimoja unachokishikilia, na swali la kama nafsi ipo au haipo ni swali la kuwekwa kando, kama Buddha mwenyewe alivyoliweka. Ukitaka mjadala wa kisomi wenye tanbihi na kila kitu, upo *Selfless Persons* cha Steven Collins, 1982, lakini nakushauri usianze nacho. Mimi nilianza nacho, nikakirudisha kilipotoka.

Nani ana haki? Mimi naona Rahula yuko sahihi kuhusu pale fundisho linapoelekea, na Thanissaro yuko sahihi kuhusu namna ya kulifundisha. Hilo la pili ndilo linalotuhusu sisi tunaokwenda kuwa walimu. Ila usinifanye mimi kuwa desa jipya. Wasome wote wawili.

Sasa turudi kwa yule jamaa wa Bodi ya Mikopo, kwa sababu swali lake lilikuwa la maana kuliko alivyojua. Kama hakuna mtu yule yule anayedumu, nani anadaiwa? Swali hilo liko kwenye kitabu cha kale kiitwacho *Milindapanha*, yaani Maswali ya Milinda. Milinda ni Menander, mfalme wa Kigiriki aliyetawala kaskazini-magharibi mwa India katika karne ya 2 kabla ya Kristo, na kitabu kinamwonyesha akibishana na mtawa Nagasena. Kwa mwanafunzi ni raha kukisoma, maana mfalme anauliza maswali yale yale ambayo wewe ungeuliza.

Mfano unaojulikana zaidi ni wa gari la farasi. Nagasena anamwambia mfalme kwamba "Nagasena" ni jina tu, hakuna mtu wa kudumu nyuma yake. Mfalme anacheka: basi anayevaa mavazi haya na kula chakula hiki ni nani? Nagasena anamuuliza umekuja kwa nini, anajibu kwa gari. Ekseli ndiyo gari? Hapana. Magurudumu? Hapana. Zote kwa pamoja? Nje ya hizo? Sisi tuna mfano wake kila siku kwa mafundi pikipiki. Fundi ameitandaza boda chini kwenye turubai: injini huku, cheni kule, tangi limelazwa, tairi limeegeshwa ukutani. Mwenye boda anakuja anauliza, "Pikipiki yangu iko wapi?" Fundi ananyoosha mkono kwenye turubai lote. Hakuna kipande pale ambacho ndicho pikipiki, na bado hakuna aliyeiba pikipiki ya mtu.

Hapa ndipo desa letu lilipokuwa la hovyo kuliko kote. Sisi tuliandika kwamba Nagasena alithibitisha gari halipo. Hakuthibitisha hivyo! Alithibitisha kwamba "gari" ni jina linalotumika kwa haki pale sehemu zinapokuwa pamoja na kufanya kazi. Mfalme hakuja kwa miguu.

Na deni? Kuna kisa cha mtu aliyenunua chungu cha maziwa kwa mchungaji, akamwachia akisema atayapitia kesho. Kesho yake anakuta yamegeuka mgando. Anagoma: mimi sikununua mgando, nipe maziwa yangu. Mgogo yeyote mwenye kibuyu nyumbani angemcheka. Mgando si maziwa yale, lakini si kitu kingine pia. Umetoka katika maziwa yale yale, na mwenye kuulipia ni yule yule. Ndivyo kitabu kinavyojibu kuhusu mtu: aliyetenda jana na anayevuna leo si yule yule kabisa wala si mwingine. Kwa hiyo kaka, wewe wa mwaka wa kwanza uliyesaini fomu za mkopo umeshageuka mgando, na bado utalipa.

Kipimo hiki kitumie pia kwa unachosoma. Mwandishi akikueleza *anatta* halafu akashindwa kueleza kwa nini mtu anawajibika kwa matendo yake, hajaielewa. Wabuddha hawakuwahi kuacha uwajibikaji. Kamma, yaani tendo na matokeo yake, ipo katikati ya mafundisho yao.

Neno la haraka kwa watakaolazimika kulinganisha kwa ajili ya semina. David Hume naye, mwaka 1739, aliandika kwamba alipoitazama nafsi yake kwa ndani alikuta mfululizo wa hisia na mawazo tu, na mtu anashawishika kuandika kwamba ni kitu kimoja. Hume alikuwa anatafuta nini tunaweza kukijua. Buddha alikuwa anatafuta nini kinatuumiza na kinaachika vipi. Mbiti naye, katika kitabu chake cha mwaka 1969, anaeleza kwamba kwa Mwafrika mtu anakuwa mtu kwa sababu ya watu. Hilo linaipanua nafsi iwaingize wengine, wala haliulizi kama kuna mwenye nyumba. Msiandike kwamba Ubuddha ni ujamaa. Nimeiona sentensi hiyo, tena kwenye kazi yetu sisi wenyewe.

Na msiandike pia kwamba haya ni mambo ya Wahindi na Wachina yasiyotuhusu. Upanga, Dar es Salaam, lipo hekalu la Kibuddha lililoanzishwa na Wasinhala kutoka Ceylon, Sri Lanka ya leo, na historia yake inarudi hadi karibu mwaka 1920. Entebbe, Uganda, kuna kituo cha Kibuddha kilichoanzishwa mwaka 2005 na Bhante Buddharakkhita, Mganda aliyekwenda kusoma India mwaka 1990, akakutana huko na watawa, na mwaka 2002 akawa mtawa kamili. Yeye ameandika kitabu, *Planting Dhamma Seeds*, kuhusu namna alivyorudi nyumbani na fundisho hili. Ndani yake huna haja ya kubadili mifano iwe ya Kiafrika. Ni ya kwetu tayari.

Mimi ni Mwanglikana wa kuzaliwa na bado niko kwaya. Mwenzangu wa chumbani, Mwislamu, aliniuliza kama kusoma haya hakutaniharibu. Nikamwambia nimesoma Plato na sikuwa Mgiriki. Lakini nisidanganye, kuna usiku nimelala nikigonga ile milango mitano.

Muhula uliofuata nilimkuta yule dada kwenye kimbweta, peke yake, anasahihisha maandalizi ya somo. Nikaomba kukaa. Nikamwambia kwamba nilichosoma siku ile kilikuwa si sahihi, na naomba radhi. Akasema alishasahau. Hakuwa amesahau. Nikampa simu asome kisa cha Vacchagotta, akakisoma kimya, akasema, "Huyu angalau alinyamaza."

Halafu nikamfungulia hotuba nyingine, *Samyutta Nikaya* 22.89, ambayo nilikuwa nimeipata wiki ile na sikuwa na mtu wa kuzungumza naye. Ni ya mtawa mgonjwa aitwaye Khemaka. Wazee wenzake wanamtuma kijana aitwaye Dasaka akamjulie hali. Anajibu kwamba maumivu yanazidi. Wanamrudisha Dasaka amuulize: je, unaona lolote katika mafungu matano kuwa ni nafsi yako? Khemaka anajibu, hapana. Wanamrudisha tena: kama ni hivyo, basi umeshakombolewa kabisa? Anajibu, hapana, sioni chochote cha kusema ni mimi, lakini ile ladha ya "mimi nipo" bado haijanitoka. Wanamrudisha mara ya nne aeleze maana yake. Mgonjwa anachoka na ujumbe, anaomba fimbo yake, anainuka, anawafuata wazee kwa miguu kuwaeleza mwenyewe. Anawapa mfano wa harufu ya ua: huwezi kusema ni ya petali au ya kikonyo, ni ya ua zima. Na mfano wa nguo iliyofuliwa: uchafu umetoka, imekuwa safi, lakini harufu ya kilichoifulia inabaki, na inatoka taratibu baadaye.

Nilidhani atauliza kuhusu ua, au nguo. Nilikuwa nimeandaa na maelezo.

Akauliza, "Walimtuma huyu kijana mara ngapi?"

"Nne."

"Na wazee wenyewe walikuwa wazima?"

Nikaangalia tena. Nikasema inaonekana walikuwa wazima.

"Na mama walikuwa wanampigia simu tu," akasema. "Kila siku simu. Mwisho nikawa napokea mimi." Akakaa kidogo na simu yangu mkononi, kisha akanirudishia. "Nitumie hiyo ya mgonjwa. Ile nyingine usinitumie, nimeshaielewa."